Kola ya sponji ya shingo: nzuri, ila si kwa kila shingo
Kola hizi za maduka ya dawa katikati ya Nairobi ni nyepesi na kitambaa chake hakikwaruzi. Kasoro ni kipimo: wauzaji wengi hukisia kwa macho tu. Pima mzingo wa shingo, kisha kimo toka kidevuni hadi juu ya mfupa wa kifua. Ikizidi kimo, kichwa husukumwa nyuma na maumivu huongezeka. Velkro ikijaa nyuzi hulegea; isugue kwa mswaki mkavu.

Mwenye baridi yabisi asiitegemee. Ugonjwa huo huweza kulegeza kano za pingili mbili za juu kabisa za uti wa shingo, na sponji haizuii zisiteleze. Ganzi mikononi au miguu kukosa nguvu ni ya daktari, haraka: eksirei ikionyesha mwanya unaozidi milimita 3 kati ya pingili hizo, kola hii haitoshi.