Ski-Doo ya 600 ACE au ya 900 ACE?

Zote mbili ni pikipiki za theluji zenye injini ya Rotax ya mipigo minne, kwa hiyo oili haichomwi pamoja na petroli, na nguo hazinuki moshi ukirudi nyumbani. Ya 600 ina silinda mbili na nguvu za farasi zipatazo 60. Ya 900 ina silinda tatu na zipatazo 95.

Kwa njia za msituni kaskazini mwa Minnesota, Marekani, zenye kona za kubana, mimi nachukua 600. Pua yake ni nyepesi: ukikata usukani, skii za mbele (zile bapa za kuteleza) zinaing'ata theluji na kukufuata. Tena hainywi mafuta sana. Ya 900 ni nzito mbele, lakini ukimpakia mtu nyuma, utaipenda. Inachanganya mwendo bila kuhema.