Lipu ya chokaa na bayocha: nimeipiga Mikindani, na mvua zimepita

Chumba cha marehemu bibi yangu, Mikindani, kilikuwa kimenishinda. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za kale zilizo karibu na ghuba. Miaka kumi nyuma tuliipiga lipu ya saruji tukidhani tunaitengeneza. Kumbe tuliiziba pumzi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe, yakikuta saruji hayana pa kutokea. Chumvi ikawa inachomoza kama unga, lipu inabanduka mapande mapande. Kitanda tulikisogeza mbali na ukuta, na bado kila Februari godoro lilishika ukungu.

Ndipo nikaelekezwa kwenye karakana ya vijana, njia ya kwenda Mtwara mjini, wanaouza lipu ya chokaa iliyochanganywa na bayocha. Bayocha ni mkaa, ila si wa kupikia. Wao wanachoma vifuu vya nazi ndani ya pipa lililofunikwa hewa isipenye, vinabaki kaboni yenye vitundu vidogo visivyohesabika. Vitundu hivyo hunywa unyevu, kisha huuachia hewa ikikauka. Na kifuu kikioza au kikichomwa ovyo, kaboni yake inarudi angani. Kikigeuzwa bayocha kikafungiwa ukutani, sehemu kubwa hukaa humo mamia ya miaka.

Kijana aliponiamkia tu nikamuuliza, "Marahaba mwanangu. Huu mkaa wa mti gani?" Nilikuwa na hofu ya mikoko. Siwezi kuiponya nyumba yangu kwa kuukata ufuo wetu. Akanipeleka uani, nikaona rundo la vifuu na mapipa yenyewe. Nikauliza mbona hawatumii maganda ya korosho, na Mtwara yamejaa? Akasema mpaka yakamuliwe mafuta kwanza, la sivyo moshi wake unawasha macho na kifua. Nilimwamini. Nimebangua korosho nikiwa msichana, nayajua mafuta yale yanavyochubua vidole.

Nilichukua viroba 14 vya kilo 25, kila kimoja shilingi 11,000. Si rahisi. Ukiongeza kazi ya kubandua saruji yote ya zamani mpaka jiwe lionekane, na lazima uibandue, gharama inapita lipu ya kawaida. Saruji kwetu haitafutwi mbali, kiwanda cha Dangote kiko mkoani humuhumu. Lakini utengenezaji wa saruji unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na zaidi ya nusu yake hutoka ndani ya jiwe la chokaa linapounguzwa. Chokaa nayo huunguzwa, ila ikikomaa ukutani huirudisha sehemu ya hewa hiyo.

Siku ya kwanza tuliharibu. Fundi wangu ni mtu wa saruji tangu ujana wake, akaikoroga kama saruji. Bayocha ikanywa maji yote, mchanganyiko ukakauka kabla mwiko haujarudi ukutani. Asubuhi nyufa kama tope la jaruba. "Mama, hii tukwangue," akasema, tukakwangua. Hapa nawalaumu wauzaji: kirobani hakuna hata karatasi ya maelekezo. Nilipopiga simu ndipo nikaambiwa mchanganyiko ulowekwe usiku kucha, upigwe tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole, na ukuta ufunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima, kwa kuwa chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ukaa na haitaki kukaushwa kwa haraka. Maneno hayo nilipaswa kupewa siku ya kulipa.

Wana pia matofali ya saruji yenye bayocha. Nilichukua manne ya kujaribu. Moja likamomonyoka tulipolishusha kwenye toroli. Kijana alijisifu kwamba wanatia mkaa mwingi, na hapo ndipo kosa lilipo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, walichoma machicha ya kahawa iliyokwisha kupikwa kwa nyuzi 350 pasipo oksijeni, wakayaweka badala ya asilimia 15 ya mchanga wa zege, na zege lao likaongezeka nguvu kwa karibu asilimia 30. Hiyo ni kazi ya kupima na kuvunja sampuli maabara. Mkaa ukizidi kipimo, tofali linakuwa jepesi na dhaifu. Kwa ukuta wa kubeba paa sitayanunua mpaka wayapime na kunionyesha majibu.

Lipu, lakini, naisifu kwa moyo wote. Tulipiga Oktoba, mvua zikaja Desemba, zikaisha Aprili. Chini, kama shibiri moja kutoka sakafuni, bado kuna chumvi kidogo ninayoifagia. Juu ya hapo ukuta mkavu, harufu ya uvundo imekwisha. Rangi yake ni kijivu cha jivu. Nimeipaka chokaa nyeupe mara mbili. Kuhusu joto la mchana sijaona tofauti.

Kitanda kimerudi ukutani. Jikoni nitapiga Agosti, kwa sababu korosho zikianza kudondoka, fundi wangu atakuwa shambani kwake.