Banda la "kuku wanane": mwaka mmoja uani kwangu, Seattle

Nyota mbili kati ya tano. Ingekuwa moja, ila kuna trei la kinyesi, nitafika huko.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoniponza. Mwanzoni mwa 2025 mafua ya ndege yalifagia mashamba ya kuku hapa Marekani, mayai yakapanda bei mpaka mama watoto akaanza kuyahesabu kwenye friji kama anahesabu dawa. Nikasema basi, tufuge. Nikauliza sheria ya mji wa Seattle inasemaje, nikakuta kiwanja cha kuishi kinaruhusiwa kuku wanane. Zamani walikuwa watatu. Mwaka 2010 wakapandisha hadi wanane, na papo hapo wakapiga marufuku majogoo. Nikaingia mtandaoni kutafuta banda, likanitokea moja la mbao, kuta za kijivu, fremu nyeupe, limepigwa picha juu ya majani mabichi utadhani nyumba ya wageni. "Kuku 6 hadi 8." Dola 289, usafiri bure. Sheria wanane, banda wanane. Nikalipa kabla chai haijapoa.

Duka silitaji. Banda hilohilo linauzwa kwa majina chungu nzima na picha ni ileile, ukiliona utalitambua.

Lilikuja kwenye maboksi mawili. Karatasi ya maelekezo haina neno hata moja, michoro mitupu, na mchoro wa tano unaonyesha ubao ambao kwenye boksi haukuwemo. Skrubu za paa zilipungua nne. Mbao ni laini kiasi kwamba ukikaza bisibisi kwa hasira, kichwa cha skrubu kinazama chote. Mimi na kijana wangu wa miaka kumi na mbili tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza jua likielekea kuzama, na yeye tangu siku hiyo hataki kusikia neno useremala.

Ndipo nikachukua futi kamba. Sakafu ya ndani, pale kuku wanapolala, ni futi 4 kwa 3. Wafugaji wa huku wana kipimo chao cha mdomoni: kila kuku futi 4 za mraba ndani, na kama futi 10 nje kwenye uzio wa kutembelea. Piga mwenyewe. Kumi na mbili kwa nne, watatu. Wale wanane wa tangazo labda walipimwa wakiwa vifaranga, au wakiwa wamesimama juu ya migongo ya wenzao.

Kwetu Muheza, mkoani Tanga, kuku hana kiwanja. Anashinda kwa jirani, anataga chini ya kitanda cha shangazi, jioni anarudi mwenyewe. Nilipompigia mama simu kumweleza mambo ya futi za mraba, alinyamaza kidogo.

"Shikamoo mama, umenisikia?"

"Marahaba. Nimekusikia. Wanane, na jogoo hamna?"

"Hamna. Sheria inakataza."

"Sasa hilo si banda, hiyo ni bweni la wasichana."

Nikamweleza kwamba mtetea anataga bila jogoo, mayai tu ndiyo hayataanguliwa. Akasema anajua, amefuga kuku kabla mimi sijazaliwa, ila nyumba isiyo na jogoo nani anaamsha watu wakaswali.

Sheria ina kipengele kingine ambacho kingeandikwa kwa herufi nene kwenye boksi la kila banda: nyumba ya kuku ikae angalau futi 10, yaani mita tatu hivi, kutoka jengo lolote la kuishi lililo kwenye kiwanja cha jirani. Sikiliza vizuri. Haisemi kutoka kwenye uzio wala kutoka kwenye nyumba yako mwenyewe. Jengo la jirani, lenye mtu anayeishi ndani. Mimi nililisimika banda kwenye kona ya nyuma, karibu na uzio, pale nilipoona palikuwa gereji ya jirani. Gereji haikuwa gereji tena. Bibi wa Kivietinamu anayekaa pale alishaigeuza kijumba na kumpangisha dada mmoja muuguzi. Nikapima kutoka kwenye ukuta wa kijumba: futi 7 na inchi kidogo.

Bibi hakulalamika wala muuguzi hakulalamika. Lakini mimi ni mgeni hapa, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sitaki siku mtu aje na kamba yake ya kupimia wakati tumeshagombana kwa jambo lingine. Tukalibeba. Banda hili halibebeki. Miguu imeshikwa kwa skrubu mbili tu kila mmoja, na wa nyuma kushoto ulichomoka tukiwa bado hatujafika katikati ya ua. Mpaka leo banda linakaa juu ya tofali upande ule. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayenunua: pima ua kwanza, kuunga mbao baadaye.

Vifaranga nilinunua sita kwenye duka la vyakula vya mifugo, wote wameandikwa majike. Wanaotenganisha majike na madume wakiwa wa siku moja ni mafundi kweli, lakini hukosea, na duka huwa limekutahadharisha kwa maandishi madogo. Ilipofika wiki ya saba, mmoja upanga wake wa kichwani ulianza kuwa mwekundu kuliko wa wenzake, miguu minene, anatembea kama anadai kodi. Mama alimwona kwenye video akacheka. "Huyo ni pora, mwanangu. Umeuziwa pora."

Alianza kuwika mwezi wa saba. Mwanzo ilikuwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, baada ya siku tatu ikawa sauti ya jogoo mzima, saa kumi na nusu alfajiri, maana kiangazi huku kunapambazuka mapema. Bibi wa Kivietinamu alikuja uzioni anatabasamu, akaweka mkono sikioni, akaniambia inamkumbusha kwao. Muuguzi hakutabasamu. Anafanya kazi za usiku, ndiyo kwanza alikuwa anaingia kulala. Alisema kwa upole, "Nafikiri mmoja wenu si kuku wa kike," nami nikamwomba radhi na siku nne.

Hapo ndipo utaona banda lina kasoro ambayo huwezi kuiona kwenye picha. Watu hushauri kumfungia jogoo gizani mpaka asubuhi iwe ya adabu, akiwa haoni mwanga atachelewa kuwika. Mbao za banda hili zina nafasi katikati ya kupitisha kadi ya benki. Niliziba kwa matambara, nikaweka blanketi juu, akawika ndani ya blanketi. Siku ya nne nikamtia kwenye boksi lilelile lililokuja na banda, nikampeleka kwa rafiki yangu Mrundi anayekaa nje kabisa ya mji, ana eneo kubwa na majogoo wengine. Wiki mbili baadaye alitualika chakula. Sikuuliza kitu, na pilau ilikuwa nzuri.

Sasa usalama. Muheza adui wa kuku ni kicheche, nguchiro na mwewe. Hapa kuna rakuni, mnyama mkubwa kuliko paka, mkia wa pete, usoni kitambaa cheusi kama mwizi wa kwenye katuni, na cha kukutisha ni mikono yake. Ana vidole, na vidole vinafanya kazi. Banda hili limefungwa kwa vikomeo vya kusukuma pembeni, vya bati jepesi, mtoto wa miaka mitatu anafungua. Usiku mmoja wa mwezi wa tisa, saa tisa hivi, nikasikia kelele. Nilipofika na tochi kikomeo cha mlango wa chini kilikuwa kimesukumwa kando vizuri kabisa, hakikuvunjwa, na mtetea mmoja alikuwa amekwenda. Zilibaki manyoya na unyayo kwenye tope kama mkono wa mtoto mchanga.

Wavu nao ni ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Unazuia kuku asitoke. Kumzuia anayetaka kuingia ni habari nyingine, maana rakuni anauchana, na panya anapita katikati bila kuinama. Ilibidi ninunue wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, nikauzungusha banda zima na kuulaza chini futi moja kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao. Kwenye kila kikomeo nikatia karabina, zile ndoano za wapanda milima. Wavu, karabina na pini za kupigilia vilinitoka dola 97. Ukijumlisha na 289, banda la bei nafuu limeshakuwa si la bei nafuu, na bado halijanyeshewa.

Lilinyeshewa mwezi wa kumi. Mvua ya Seattle si ya Tanga. Haipigi, haina ngurumo, inakaa tu kama mgeni aliyesahau kuaga. Paa limefunikwa karatasi ya lami iliyobandikwa kwa pini, na pale pini zilipotoboa ndipo maji yalipopita. Maranda yakalowa, harufu ikaanza, na harufu ndiyo humfanya jirani aliyekupenda kiangazi akukumbuke vibaya masika. Nikapigilia bati moja juu na kuliinamisha nyuma. Tatizo likaisha siku ileile. Najiuliza kwa nini kiwanda hakikuweka bati tangu mwanzo.

Haya, mazuri. Trei la kinyesi ni la bati, linavutwa kwa nje kama droo, na linaingia na kutoka bila kukwama hata baada ya mwaka. Dakika mbili, umemaliza, hukuinama wala hukuingiza kichwa ndani. Aliyelibuni trei hili amewahi kufuga kuku. Aliyebuni vikomeo hajawahi. Kiota cha kutagia nacho kina mfuniko wa nje, binti yangu wa miaka sita anafungua mwenyewe asubuhi na kurudi na mayai kwenye pindo la fulana. Mtetea wa kwanza alitaga mwishoni mwa mwezi wa tisa, yai dogo lenye doa la damu, na mtoto akalibeba ndani kwa mikono miwili kama analeta taarifa ya msiba. Kufikia mwezi wa kumi na moja tulikuwa tunapata matatu kwa siku. Desemba, mchana ukifupika hadi urefu wa saa nane na nusu hivi, yakashuka hadi moja, siku nyingine hakuna. Hilo si kosa la banda.

Nililiandikia duka kuhusu mguu, skrubu na paa, nikaambatanisha picha kumi na moja. Wakanijibu kwa haraka, hilo nawapa. Wakaniahidi kunirudishia asilimia 15 ya bei nikibaki na banda. Nikauliza kuhusu wale kuku wanane. Jibu likaja kwamba idadi "inategemea ukubwa wa kuku". Nikakubali asilimia 15.

Kwa wenzangu mlio huku na mnafikiria kununua: sheria ya mji inakupa mwisho wa idadi tu, haijui banda lako lina upana gani. Na ukihama mji jirani soma upya, kila mji una yake. Kama nyumba yako iko chini ya chama cha wamiliki wa nyumba za mtaa, soma na karatasi za chama, maana kinaweza kukukatalia hata kuku mmoja ambaye mji umekuruhusu. (Na msinicheke, Seattle hata mbuzi wadogo wanaruhusiwa tangu 2007, ila lazima wawe wameondolewa pembe na beberu awe amehasiwa. Mama nimemficha hiyo.)

Mimi nimebaki na watetea wanne. Watatu wangekaa vizuri; wa nne anawasukuma wenzake kwenye mti wa kulalia kila jioni na mmoja ameshadonolewa manyoya ya mgongoni, kwa hiyo nimewaongezea uzio wa kushindia nje wenye bati juu, bata wa porini wasiwadondoshee ugonjwa. Ukiwa na kuku wawili au watatu, una drili, na hujali kutumia theluthi nyingine ya bei kulitengeneza upya, nunua, hasa kwa lile trei.

Juzi duka limenitumia tangazo la banda jipya, kubwa zaidi, "kuku 12". Nimefungua ukurasa nikatafuta vipimo vya sakafu, nikagawa kwa nne. Wanne na nusu.