Hospitali ya wilaya yenye nyota tatu: maabara safi, dirisha la dawa bado sana

Wakuu habari. Naomba niiongelee hospitali ya wilaya ambako nampeleka mama angu kliniki ya presha na sukari, jina naliacha maana nitakayosema wengi mtayakuta kwenye hospitali zenu. Pale mapokezi wamebandika kabisa kwamba ni kituo cha nyota tatu, na kwa wasiojua, hizi nyota zilikuja na ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, mwaka 2015/16 wizara ya afya na TAMISEMI (ofisi inayosimamia halmashauri) walizunguka Tanzania nzima kukagua zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya wakawa wanavipa nyota kuanzia sifuri mpaka tano, halafu wakarudia 2017/18. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vifike nyota tatu kwenda juu ifikapo 2018. Kwa hiyo nyota tatu si kitu cha kubeza.

Nianze na mazuri maana yapo. Usajili siku hizi ni kompyuta, hakuna tena yale mambo ya faili kupotea mnaambiwa fungueni jingine, unapewa kontroo namba unalipia kwenye simu basi. Maabara ndo imenifurahisha zaidi, vipimo vikitoka daktari anaviona kwenye skrini yake, hamzunguki na vikaratasi mkononi. Usafi upo, vyoo vina maji, na manesi wa kliniki ile wanamjua mama kwa jina wanamwongelesha vizuri. Hapo nawapa maua yao.

Shida inaanzia kwenye muda. Wagonjwa wanafika alfajiri, wazee watupu, wengine hawajala kwa sababu ya kipimo cha sukari, ila daktari ni yule yule ambaye kwanza apige raundi wodini, kwa hiyo kliniki inaanza jua limeshawaka na foleni imefika nje kwenye mabenchi ya koridoni. Simlaumu daktari hata kidogo maana hawezi kujigawa, ila najiuliza kwa nini wagonjwa wote wa siku hiyo waitwe saa moja asubuhi, wangegawanywa tu kwa makundi, wa saa mbili na wa saa tano, hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili!

Halafu dirisha la dawa. Mnafika na cheti, yule dada anachukua kalamu anazungushia dawa ya presha, "hii mtanunua nje", anawapa ya sukari peke yake. Karibu kila mwezi ni hivyo, na mama ni mzee wa zaidi ya miaka 60, kisera anatakiwa kutibiwa bure kama hana uwezo. Familia za pale zilizokuwa na CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa elfu 30 kwa mwaka kwa watu sita, nazo zilikuwa zinapelekwa duka la nje vile vile.

Na hapa ndo mageuzi yenyewe yanapotakiwa kuulizwa, maana zamani ungeambiwa hela imekwama halmashauri ukakubali yakaisha. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, zile wanazochangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Dawa zikikosekana Bohari ya Dawa (MSD) kuna utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa, ulianzia Dodoma 2014 ukasambaa nchini, kituo kinanunua kwake. Sasa kama hela inafika na mlango wa pili wa kununulia upo, mtu mzima anakosaje kidonge cha presha, dawa ya kawaida kabisa?

Ninavyoona mimi, nyota zinapima zaidi kama vitu vipo na taratibu zipo, yaani uongozi, mazingira, mkataba wa huduma kwa mteja, ubora wa huduma. Ni muhimu sana. Ila ufanisi ni swali jingine, kwamba kwa watumishi, vitanda na hela mlizonazo mmetoa huduma kiasi gani. Wenzetu Kenya walishapimwa hivyo, utafiti uliochapishwa 2002 ulilinganisha hospitali 54 za serikali ukakuta 14 hazina ufanisi, yaani kwa rasilimali zile zile zingeweza kuhudumia watu zaidi. Ni kipimo kizuri lakini nacho kina tundu, zile 40 zilizobaki zilionekana bora kuliko wenzao tu, sio kwamba ndo mwisho wa ubora. Na ukihesabu mahudhurio peke yake, mgonjwa akirudi mara tatu kwa sababu presha imepanda kwa kukosa dawa, hospitali inaonekana imechapa kazi mara tatu! Kwenye MTUHA, yaani mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje kinatenganisha mahudhurio mapya na ya marudio, basi wayaangalie hayo marudio wajue nani karudi kwa ratiba na nani karudi kwa kuzidiwa.

Kwangu mimi maabara na usajili nyota nne, manesi tano, muda wa kusubiri mbili, dawa moja. Na kwa vile bima ya afya kwa wote sheria yake imeshapitishwa toka 2023 na watu wanatakiwa kuchangia, naomba pembeni ya zile nyota tatu wabandike kila mwezi namba mbili tu, mgonjwa anakaa muda gani mpaka kumwona daktari, na vyeti vingapi vimetoka pale vikiwa na dawa zote.

Kwa mnaokwenda, bebeni kitambulisho cha mzee na kadi ya kliniki ya nyuma, na mkiambiwa mnunue nje rudini kwa mfamasia kwanza muulize lini mzigo unaingia, sisi kuna siku tuliuliza tukaambiwa kesho yake, na kweli tuliipata.