Gundi Nne Mezani: Ipi Inafaa kwa Kitambaa, Karatasi, Ukili na Shanga?

Ndugu watazamaji, hamjambo, na karibuni. Mezani leo nimeweka gundi nne ambazo mtu anayetengeneza mapambo nyumbani hukutana nazo mara kwa mara: gundi nyeupe ya mbao, supagluu ya kichupa kidogo, bunduki ya gundi inayoyeyusha vijiti vya gundi kwa joto, pamoja na vijiti vyake, na gundi ya unga wa ngano ambayo nimeipika mwenyewe jikoni. Lebo za watengenezaji nimezibandua, kwa sababu uchambuzi huu unahusu aina za gundi wala si kampuni, na hakuna mtu aliyenilipa wala aliyenipa hata kichupa kimoja.

Kazi niliyoitumia kuzipima ni picha ya ukutani yenye malighafi mchanganyiko. Msingi wake ni ubao wa hadibodi. Juu yake kuna vipande vya magazeti na karatasi za rangi. Katikati nimeweka jina lililokatwa kutoka kwenye kanga kuukuu, ambalo kama mnavyosoma linasema "Wema hauozi". Na pembezoni nimezungusha ukili, yaani mkanda uliosukwa kwa ukindu, na mistari ya shanga za kioo. Nimechagua kazi ya namna hii makusudi. Anayebandika karatasi juu ya karatasi hahitaji uchambuzi wowote, kwani karibu kila gundi itamfaa, lakini kitambaa cha pamba, ukindu mkavu na kioo vinapotakiwa kukaa pamoja juu ya ubao mmoja, hapo ndipo udhaifu wa kila gundi unapojitokeza.

Kabla ya kutoa fedha, jiulizeni swali moja tu: kitu ninachotaka kukibandika kinakunywa au hakinywi? Dondosheni tone la maji juu yake. Likizama na kuacha doa, kinakunywa. Likibaki limesimama juu, hakinywi. Pamba, karatasi, mbao na ukindu hunywa; kioo, plastiki, chuma na ubao uliopakwa rangi ya mafuta havinywi. Karibu hukumu zote nitakazotoa leo zinatokana na tofauti hiyo.

Naanza na gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa ndiyo itakayofanya sehemu kubwa ya kazi. Ni ile inayoitwa PVA, na kemikali yake iligunduliwa na Mjerumani Fritz Klatte mwaka 1912. Ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, na ikikauka huwa angavu, kwa hiyo hata ikichuruzika kidogo juu ya kitambaa haiachi alama ya kutisha. Hukauka kwa maji yake kutoka, mengine yakipotelea hewani na mengine yakinywewa na kitu chenyewe, na hii ndiyo sababu lazima angalau upande mmoja uwe unakunywa. Ukibandika kioo juu ya plastiki kwa gundi hii, maji hayana pa kutokea, na utaikuta bado mbichi katikati baada ya siku nyingi.

Tazameni sasa ninavyolibandika jina la kanga. Kitambaa nimekifua kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu nguo mpya hutoka kiwandani na wanga unaoipa ule ukakamavu wa dukani, na wanga huo huizuia gundi kuingia ndani ya nyuzi. Hii ni kanga kuukuu, lakini hata hivyo nimeifua ili kuondoa mafuta na jasho. Gundi nimeichanganya kwa kiasi cha sehemu mbili za gundi kwa sehemu moja ya maji, kisha nikaipaka ubao badala ya kuipaka kitambaa. Nalaza kitambaa kuanzia katikati, na kwa kutumia kadi ya benki iliyokwisha muda nasukuma viputo vya hewa kuelekea pembeni, polepole, nikifuata uzi ulivyolala, wala sivuti kimshazari kwa sababu herufi zitapinda na "Wema" itasomeka kama inateremka mlima. Mnaona rangi ya kitambaa inavyoiva gundi inapopenya? Penye weupe wa ukavu ndipo penye kiputo. Napainua pembeni, naongeza gundi kidogo kwa brashi, kisha nalaza upya. Gundi nyeupe inatoa nafasi hiyo ya kurekebisha kwa dakika kadhaa, na hakuna nyingine mezani hapa inayoivumilia mikono ya mwanafunzi kiasi hicho.

Kuhusu hadibodi yenyewe, inao upande mmoja laini na mwingine wenye alama za wavu. Mimi natumia ule laini, lakini naupitisha msasa kwanza ili ufunguke. Ni ubao wa aina hii hii ambao Edward Said Tingatinga alianza kuuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli, na rangi hizo za mafuta hushika juu yake bila taabu. Ila ubao ukishapakwa rangi hizo hunyimwa uwezo wa kunywa, kwa hiyo anayetaka kubandika kitambaa juu ya picha ya namna hiyo ni lazima akwaruze kwa msasa pale tu gundi itakapokaa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulilaumu kwa gundi ilhali kosa si lake. Ubao ukilowa upande mmoja hupinda. Dawa yake ni kubandika karatasi ya kawaida upande wa nyuma kwa gundi ile ile, ili pande zote mbili zivutane sawa wakati wa kukauka, halafu kuulaza ubao chini ya vitabu vizito huku ukitenganishwa navyo kwa mfuko wa nailoni, kwani gundi nyeupe haishiki nailoni.

Angalizo moja la karatasi: picha iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji itachuruzika mara tu ikiguswa na gundi iliyochanganywa na maji, na uso wa mtoto wako utageuka bluu. Kaitoeni fotokopi. Wino wa fotokopi ni unga ulioyeyushwa kwa joto juu ya karatasi, nao maji hayauwezi. Magazeti hayana shida ya kubandikwa, ila hugeuka manjano kwa kadiri yanavyopigwa na mwanga, na wapo wanaolipenda hilo. Mimi ni mmoja wao.

Udhaifu wa gundi nyeupe upo, na ni wajibu wangu kuutaja. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, hukauka kwa uvivu mkubwa. Ikiguswa na maji baada ya kukauka hulainika na kurudisha weupe, isipokuwa aina chache zilizoandikwa kuwa zinahimili maji. Tena, wale wanaoipaka juu ya kazi nzima kama ulinzi wa mwisho watagundua kwamba kazi mbili zikibebanishwa kwenye joto hunatana. Kwa ulinzi wa juu nunueni vanishi ya maji, mpake mara mbili nyembamba.

Sasa supagluu. Hii nayo ina hadithi inayoeleza tabia yake. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mkemia wa Marekani Harry Coover na wenzake walikuwa wakitafuta plastiki angavu kwa ajili ya vifaa vya kulengea shabaha, wakaitupilia mbali kemikali hii kwa sababu iling'ang'ania kila ilichogusa. Coover aliirudia mwaka 1951 akiwa katika kampuni ya Kodak, na mwaka 1958 ikaingia sokoni ikiwa gundi. Ilikuwa inang'ang'ania kila kitu kwa sababu haihitaji kukauka: hugandishwa na unyevu, na unyevu haukosekani popote, iwe juu ya kioo, chuma au vidole vyako.

Kwa hiyo, kwa kubandika chuma kwenye kioo au kipande cha kigae juu ya chuma, supagluu inastahili sifa, mradi nyuso zote mbili ziwe safi na zigusane vizuri, na itumike tone moja tu, kwa maana tone la pili hupunguza nguvu badala ya kuiongeza. Lakini kwa kitambaa naikataa kabisa. Ikimwagikia pamba huganda kwa ghafla na kutoa joto kali linaloweza kuunguza ngozi na hata kutoa moshi, na pale ilipopita kitambaa huwa kigumu mithili ya gamba. Zaidi ya hayo, mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka mahali palipobandikwa, jambo linaloonekana waziwazi juu ya shanga nyeusi kama hizi ninazowasogezea karibu na kamera. Vidole vikigandana, msivivute. Vilowekeni katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuvitenganisha taratibu kwa kuvibingirisha.

Bunduki ya gundi ndiyo inayopendwa mno na vijana, na naelewa sababu: unabonyeza, unabandika, na baada ya muda mfupi kazi imeshika. Bunduki ndogo za wati 20 hutumia vijiti vya milimita 7, na zile kubwa, kuanzia wati 60 hivi, hutumia vya milimita 11; hakikisheni mnajua ipi mnayo kabla ya kununua vijiti, kwa kuwa muuzaji atawapeni vyovyote. Kwa ukili naisifu bila kusita. Ukili una uso wa mabonde na vilima, na gundi nzito ya moto huyajaza mabonde hayo, jambo ambalo gundi nyeupe nyembamba haiwezi kulifanya. Kwenye kona ya picha, mahali ukili unapolazimishwa kugeuka na unataka kurudi ulikotoka, bunduki huushika papo hapo bila kukulazimu kuukalia nusu saa.

Kwa shanga za kioo, hata hivyo, matokeo yake ni mabaya. Kioo ni baridi na kitelezi. Gundi ikikigusa hupoa kabla haijashika, na baada ya siku chache ukucha tu unatosha kuing'oa. Yale manyuzi kama utando wa buibui inayoyaacha kila mahali nayo yanachosha. Kubwa kuliko yote ni joto. Gundi hii imeshikamana kwa sababu imepoa, kwa hiyo ikipata joto la kutosha hulainika tena, na picha iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa vioo juani itashushwa ikiwa na ukili ulioteleza. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri si mahali pake pia. Watoto wasiachiwe, maana hata zile zinazoitwa za joto la chini hufikia kiwango cha kubabua ngozi.

Shanga, basi, tuzifanyeje? Msibandike moja moja. Zitungeni kwenye uzi wa pamba, choreni mstari wa gundi nyeupe isiyochanganywa na maji, mnene kiasi cha nusu ya shanga, kisha lazeni utungo mzima juu yake na kuusogeza kwa ncha ya sindano mpaka ukae sawa. Kioo hakinywi, lakini uzi unakunywa, ubao unakunywa, na gundi huingia kwenye matundu na kuzishika shanga kutoka ndani. Hapa nauvuta uzi kwa nguvu mbele yenu. Ubao mzima unanyanyuka mezani na shanga hazijatikisika.

Gundi ya unga wa ngano siwezi kuidharau, kwani ndiyo ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo iliyo salama zaidi kwa watoto. Korogeni kikombe kimoja cha unga katika maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, mimineni kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku mkikoroga, na ipueni ikishakuwa nzito na kuanza kung'aa. Kwa vinyago na mabakuli ya karatasi zilizorundikwa tabaka kwa tabaka, inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba ni chakula, na mende, panya na kuvu wanalijua hilo. Mafuta ya karafuu, matone machache tu, huchelewesha kuvu na huondoa harufu ya kuchacha, lakini panya hayamzuii. Kwa kazi unayokusudia kuiuza, au kumpa bibi harusi, mimi nisingeitumia.

Wengi mtaniuliza kuhusu gundi ya njano ya mafundi viatu. Inashika ngozi na mpira vizuri sana, lakini mvuke wake ni wa sumu na unashika moto kwa urahisi, na nyumba zetu nyingi jiko lipo hatua chache tu kutoka mezani. Kama kuna kipande cha ngozi kwenye kazi yako, mpelekee fundi akubandikie kwenye kibanda chake cha wazi.

Mwisho ni suala la ununuzi. Gundi nyeupe inayouzwa kwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni nafuu kuliko kichupa cha duka la vifaa vya shule ukilinganisha ujazo, na kwa kazi hizi inafaa vilevile. Ukipimiwa, nenda na chombo chako cha mdomo mpana chenye kifuniko kinachobana, na uangalie inavyomiminika kutoka kwenye ndoo: inayoteremka nzito na laini ichukue; inayokatikakatika kama maziwa mtindi, au inayonuka uchachu, iache hapo hapo. Changanya na maji kile tu utakachokitumia siku hiyo, kwa sababu iliyokwisha kuchanganywa haikai muda mrefu.