Mafunzo ya walezi Nyegezi: yanastahili ada yake, isipokuwa somo la kumkamata mgonjwa

Mafunzo ya walezi yanayotolewa katika ukumbi wa kukodi jirani na stendi ya Nyegezi, jijini Mwanza, yamelengwa kwa watu wanaoishi na mgonjwa ambaye tabia yake huwachosha au kuwatia hofu: mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, mtoto mwenye usonji, au ndugu mwenye maradhi ya akili ambaye hali yake hubadilika mara kwa mara. Huendeshwa kwa juma moja, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, kwa ada ya shilingi 120,000 kwa mtu, chai ya saa nne ikiwemo. Nilihudhuria pamoja na dada wa kazi anayetusaidia kumtunza mama yetu nyumbani Nyakato, na tathmini hii inahusu tuliyofundishwa na jinsi yalivyotufaa tuliporudi. Sikitaji kituo kwa jina, kwa sababu lawama nitakayoitoa ni ya mtaala.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ya mwanzo, ambayo mgonjwa haguswi hata kidogo. Kila mshiriki hupewa daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mgonjwa, na kilichofuata. Namna hii ya kuandika ni ya siku nyingi na hutumiwa katika nchi nyingi, ila mara nyingi hufundishwa juu juu. Hapa ilipewa karibu siku mbili nzima, na mwezeshaji, muuguzi mstaafu mwenye subira na jicho kali, hakupokea sentensi yoyote iliyoishia na maneno “bila sababu.” Dada yetu alipoandika kwamba bibi, yaani mama yetu, alimpiga asubuhi bila sababu, aliitwa mbele.

“Binti yangu, alikupiga mkiwa wapi?”

“Bafuni, mwalimu.”

“Maji yalikuwa ya moto au ya baridi? Ulimvua nguo zote kwa mara moja? Ulimwambia kwamba sasa unammwagia?”

Dada alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba maji ni ya bomba, na kwamba bibi huvuliwa harakaharaka ili kazi iishe kabla watoto hawajaondoka kwenda shule. Mwalimu hakumlaumu, alimpa kalamu na kumwambia ayaandike yote hayo katika safu ya kwanza. Siku hizi mama huogeshwa jua likiwa limepanda, kwa maji ya uvuguvugu, khanga ikiwa mabegani, akianziwa miguuni na kuambiwa kila hatua kabla haijafanywa. Ngumi hazijakoma kabisa, lakini zikitokea tunajua pa kutazama, na aghalabu huwa tumeruka hatua mojawapo kwa ajili ya haraka.

Somo la sababu za tabia lilikuwa fupi na zuri. Mtu hufanya jambo ili apate kitu, aepuke kitu, aangaliwe, au kwa kuwa mwili wake unatafuta au unakimbia hisia fulani. Mzazi mmoja kutoka Sengerema, miongoni mwa wale ambao tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawasubiri tena kivuko kuja mjini, alieleza kwamba mwanawe hujigonga kichwa ukutani na kwamba nyumbani humtuliza kwa soda. Alielezwa kwamba soda inayotolewa ili kelele zikome humfundisha mtoto kupiga kelele, lakini pia kwamba si kila kelele inadai soda: mtoto aliyezidiwa na muziki wa baa ya jirani hatulii hata akipewa kreti zima, na anachohitaji ni chumba chenye mwanga hafifu, mto kati ya kichwa na ukuta, na muda.

Mazoezi ya kuigiza yalifuata, watu wawili wawili. Tulipangiwa hali ambayo nyumbani kwetu hutokea karibu kila jioni: mzee amesimama mlangoni, jua linazama, naye anataka kurudi kwao. Mama yetu alizaliwa Magu, na saa kumi na mbili ikifika huanza kufunga mzigo wa safari. Karibu sote tulifanya jambo lilelile, yaani kuziba mlango kwa mwili na kumweleza mzee kwamba hapa ndipo kwake na kwamba wazazi wake walikwisha kufariki. Mwezeshaji alitusimamisha. Ondoka mlangoni, alisema, simama ubavu, mbali kuliko urefu wa mkono, viganja vionekane, sauti ishuke, useme sentensi moja tu, kisha unyamaze ukihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukimya huo ndio uliotushinda wengi. Jambo jingine aliloshikilia ni kutobishana kuhusu Magu, bali kuulizia Magu: shamba lilikuwa la pamba au la mpunga, nani alikuwa anachunga ng’ombe. Huyo mzee wa kuigiza, aliyekuwa fundi cherehani wa Igoma, alijikuta ameketi na kuanza kusimulia kabla hatujamwomba aketi.

Siku ya mwisho sina namna ya kuisifia. Waliletwa wakufunzi wengine wawili, vijana wenye nguvu, ambao walifundisha namna ya kumkamata mgonjwa aliyepandwa na ghadhabu, kumlaza kifudifudi juu ya godoro na kumbana mabega hadi atulie. Kumlaza mtu kifudifudi na kumwekea uzito mgongoni huzuia kifua kutanuka, na katika hospitali na vituo vya nje ya nchi watu wamekufa kwa njia hiyo huku waliowashika wakidhani wanawatuliza. Hatari huongezeka kwa mtu mnene, kwa mzee, na kwa aliyekunywa dawa za usingizi. Na mifupa ya mama yangu, aliyepita miaka themanini, haihitaji vijana wawili ili ivunjike. Zaidi ya hayo, mbinu hizo hudai watu kadhaa waliofanya mazoezi pamoja, mmoja wao akiwa hana kazi nyingine ila kutazama pumzi ya mgonjwa, ilhali katika nyumba zetu mlezi ni dada mmoja na mlango wa nyuma. Hata Crisis Prevention Institute ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza kufundisha namna ya kukabiliana na ghadhabu mwaka 1980, hutanguliza maneno na kuuweka mkono mwisho kabisa. Nalo Shirika la Afya Duniani, kupitia mpango wake wa QualityRights ulioanza mwaka 2012, linataka huduma za afya ya akili ziachane na mabavu. Nilipohoji, nilijibiwa kwa upole kwamba wateja wengi hujiandikisha kwa ajili ya siku hiyo hasa. Naamini ni kweli, na ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kilichostahili nafasi hiyo kilipewa dakika chache tu kabla ya chakula, nacho ni jinsi ya kujinasua bila kumwumiza aliyekushika. Mgonjwa akikukamata nywele, usizivute; ubane mkono wake juu ya kichwa chako mpaka vidole vilegee. Akikukamata kifundo cha mkono, chomoa kuelekea upande wa dole gumba lake, kwani hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Dada yetu ameyatumia yote mawili.

Pengo jingine ni la afya ya mwili. Mzee ambaye jana alikuwa na nafuu yake ya kawaida na leo haelewi yuko wapi, anaona wadudu ukutani au anasinzia mchana kutwa, hahitaji mbinu za kutuliza kwanza, anahitaji kupimwa. Huenda ni malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), upungufu wa maji, choo kigumu au dawa mpya aliyoanzishwa. Mtoto asiyeweza kusema anaweza kugeuka mkali kwa sababu ya sikio au jino. Mwenye kifafa aliyetoka tu kwenye degedege huwa amechanganyikiwa kwa muda, na akishikwa kwa nguvu hupigana. Huachwa alale ubavu, pasipo kutiwa kitu mdomoni. Haya yote yalipewa sentensi moja: “mkiona hali si ya kawaida, nendeni hospitali.” Ingefaa orodha ya dalili hizo ibandikwe kwenye jalada la daftari, pamoja na maelezo kwamba hospitali ya Bugando ina idara ya afya ya akili. Katika Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kuchanganyikiwa kwa mama mzee kukikosa maelezo ya kitabibu hupewa maelezo mengine upesi sana.

Vilevile hapakutajwa lugha. Watu wengi wenye ugonjwa wa kusahau hurudi kwenye lugha ya utotoni, na mama yetu siku nyingine hasemi ila Kisukuma, wakati dada anayemhudumia ametoka Njombe. Jirani ndiye aliyemfundisha kusema “mwangaluka mayu” asubuhi, pamoja na maneno ya maji, chakula na kulala, na hayo machache humfanya mama akubali kunywa dawa kuliko maelezo marefu ya Kiswahili fasaha.

Kipindi kimoja kinastahili kutajwa kwa heshima. Waajiri na ndugu tuliombwa kutoka nje, wakabaki wasichana na wanawake wa kazi peke yao na mwezeshaji. Sijui walizungumza nini, na sikuuliza. Tulipofika nyumbani dada alisema kwamba anahitaji Jumapili yake, na kwamba usiku mbili kwa juma mtu mwingine alale chumba cha bibi. Katika muda wote aliokaa kwetu, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza anaumia wapi baada ya kupigwa.

Kwa asiyeweza kulipa ada hiyo, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya bure kwenye intaneti kwa walezi wa watu wenye ugonjwa wa kusahau, yaitwayo iSupport, ingawa hayatampa mtu wa kumwita mbele na kumwuliza maji yalikuwa ya namna gani. Anayekwenda Nyegezi ampeleke yule anayelala na mgonjwa, hata kama ndugu mwenye fedha hatapata nafasi. Cheti kinachotolewa si cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, hivyo kisitegemewe katika kutafuta ajira. Ukumbi una joto kuanzia saa sita. Cheti hutolewa siku ya mwisho, lakini mtu akiomba ruhusa mapema kutoshiriki zoezi la godoro, anaruhusiwa kukaa pembeni na bado anakipata.