Walikuja Alhamisi kumi

Nimewapa nyota nne hawa washauri wanaokuja nyumbani. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mkalimani wa kwanza, habari zake nitazisema.

Sisi ni Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Mimi na mume wangu, Baba Furaha, tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukiwa watoto, kila mmoja na watu wa kwao. Tulikutana Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, tukaoana hukohuko, na watoto wetu watatu wakazaliwa hukohuko. Hapa Lexington, Kentucky, tumefika 2016 pamoja na bibi yao, mama mkwe wangu. Huduma ninayoizungumzia ni ya watu wanaokuja nyumbani kukaa na familia nzima kwa ajili ya mawazo na kiwewe cha vita. Namba yao tulipewa na mwalimu wa shule. Hailipiwi, na kadi ya bima hawakuiuliza.

Kwetu shida ilionekana kwenye kile kidude cha moshi cha darini. Nikikaanga samaki kinalia, na Baba Furaha anakirukia na kukibandua. Amevunja vitatu, mwenye nyumba ametutoza vyote. Watoto walikuwa wanasema baba hapendi samaki. Akitoka zamu ya usiku ghalani halali, anakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Kijana akichelewa dakika kumi, ugomvi.

Na si kwamba hatukuwahi kuulizwa. Wiki zile za kwanza kliniki walitupa karatasi ya maswali 15, kwa Kiswahili kabisa: mwili unauma, unawaza sana, unashtuka bila sababu? Swali la mwisho ni mchoro kama kipimajoto, unachagua namba, 0 mpaka 10, kadiri unavyolemewa. Ukifika 5 wanahesabu kuwa unahitaji msaada. Baba Furaha aliweka 0 kila mahali. Tulishasikia kwa waliotutangulia kwamba ukiandikwa kichaa, kazi hupati na watoto wanachukuliwa. Mimi nami niliweka 0, nisijifanye shujaa.

Sasa huyo mkalimani. Ziara ya kwanza alikuja mshauri, mama wa Kizungu mpole, na mkalimani ambaye tunasali naye. Ni mtu mwema, sina neno naye, lakini Jumapili anakaa benchi la mbele yetu. Saa nzima Baba Furaha alijibu "tuko salama", akawakaribisha chai, wakaenda zao. Wakongo wa mji huu tunajuana mpaka rangi za magari, hilo walitakiwa kulijua. Kuomba wabadilishe kulituchukua wiki tatu.

Ziara ya pili mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya dada wa pwani, Kiswahili cha redioni. Akasema mshauri anauliza kama baba ana sonona. Bibi akaniegemea: "Mkamwana, huyo Sonona ni nani?" Tulicheka wote, hata baba mwenyewe, na sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini mbele ya wageni. Tangu siku hiyo ugonjwa huo wa huzuni nzito nyumbani kwetu ni mtu. Mtoto wa mwisho, ana miaka tisa, anarudi shule na kuninong'oneza, "Mama, leo Sonona yupo?" Nikisema yupo, anapunguza sauti ya televisheni.

Kuanzia ziara ya tatu wakamleta dada Mrundi aliyekulia kambi ya Mtabila, jirani zetu wa Kasulu. Foleni ya posho ya kambini anaijua, hakuna cha kumtafsiria. Kumbe alikuwa ofisini kwao siku zote! Mbona hawakuanza naye?

Alibandika karatasi kubwa ukutani, akatuambia tuchore tulikotoka. Watoto walianzia Nyarugusu, kwa sababu kwao dunia inaanzia pale. Bibi alikataa: mambo ya nyumba hayaanikwi juani. Alikataa ziara mbili nzima. Ya tano akaomba kalamu, akachora ziwa, akachora mtumbwi, akahesabu kwa kidole waliopanda. Hapo Baba Furaha akaanza kusema. Watu waliovamia kijiji chao walikuwa wanaitana kwa filimbi. Kijana wangu akatazama darini, kwenye kile kidude. Hakuna aliyemweleza kitu.

Siku hizi sijaweka mafuta jikoni natangaza kwanza, "Nakaanga!" Baba Furaha anatoka nje na simu yake, mtoto mmoja anafungua madirisha. Mwaka huu hatujatozwa.

Furaha naye, ana miaka 16, alisema ziara ya saba amechoka kuwa mdomo wetu. Barua za hospitali anasoma yeye, simu za mwenye nyumba anapokea yeye. Nilijua anasaidia, sikujua analia bafuni. Dada Mrundi akatueleza kuwa hospitali inatakiwa itupe mkalimani bila malipo, tukidai, na akatufundisha namna ya kudai. Sasa nadai.

Mapungufu mengine: saa 11 jioni ni vibaya kwa mtu anayeingia kazini saa 12. Barua zao zinakuja kwa Kiingereza. Na mawazo ya kodi ya nyumba usiwapelekee, watakupa namba ya simu tu.

Ziara kumi zikiisha, zimeisha. Ile ya tatu Baba Furaha alionyeshwa tena mchoro wa kipimajoto, akaweka 8. Ya kumi akaweka 5. Usiku analala saa nne au tano mfululizo, na kiti bado kinatazama mlango.

Mkiwapigia, watajieni mapema kanisa mnalosali.